Kumsema Wazir kwa Kifaransa

Kipungani, 14 Januari 2024

Mwanangu Khairiya,

Assalaam aleikum. Pokea salamu zangu, na mkono wangu uubusu kutoka huko huko Mombasa, nitahesabu umenifikia. Sisi huku tu wazima, isipokuwa magoti yangu ambayo siku hizi yanajitawala yenyewe. Kisima kina maji. Mbuzi wa Zamzam jirani aliingia jikoni kwangu akala ukindu niliokwisha kutia rangi nyekundu, na Zamzam akaja kunilaumu mimi eti mbuzi wake anaumwa na tumbo. Mumeo Abdulwahid hajambo? Na wewe nasikia umekuwa mzito. Siulizi zaidi, mambo hayo hayaandikwi.

Sasa lililonishikisha kalamu. Mwanangu Wazir, yule Kibaya wangu, amesema mwezi wa nane atakuja kutoka Marseille, na safari hii atamleta binti yake Rayyan. Mkewe Ummu hatapata likizo. Rayyan ana miaka kumi na mmoja na sijapata kumshika hata kidole. Kiswahili hajui. Namuona kwenye simu ya Husni wa mashua, ananipungia mkono na mimi nampungia, kama watu wawili walio ng'ambo mbili za mto.

Siku ya Idd iliyopita nilimhadithia mambo ya babake alipokuwa mdogo. Nilisema maneno marefu kama mkeka wa msikitini. Wazir akamtafsiria kwa neno moja, na mtoto akasema "Ah, bon." Nikajua nimeibiwa. Huyo Wazir hataki mwanawe ajue chochote cha huku. Akiulizwa, hujibu kwamba zamani ni zamani.

Wewe unasomesha Kifaransa watoto wa watu. Nisomeshe na mimi, lakini sitaki chote. Mambo ya leo nitamwonyesha kwa mkono: maji haya, wali huu, choo kile. Ya kesho anayajua Mungu. Nataka kile Kifaransa cha mambo yaliyokuwa yakifanyika zamani, maana hayo ndiyo siwezi kuyaonyesha kwa kidole. Nataka kumkalisha mjukuu wangu mkekani nimwambie babake alikuwa mtoto wa namna gani, bila mtu wa kati.

Niandikie kwenye karatasi. Simu kijiji kizima kinasikiliza, na karatasi naweza kuiweka mapajani nikisuka.

Shangazi yako,
Barka


Mombasa, 4 Februari 2024

Shangazi yangu mpenzi,

Waaleikum salaam. Nimeubusu mkono wako mara mbili, moja yangu na moja ya Abdulwahid. Tu wazima. Joto la Mombasa limekuja na ghadhabu. Shuleni nina darasa la kidato cha pili ambalo limekataa kabisa kuamini kwamba meza ni ya kike. Nimecheka habari ya mbuzi hadi mwenzangu Mourine, tunayesomesha naye, akataka nimsomee.

Shangazi, hakuna mtu duniani aliyeanza Kifaransa kwa wakati uliopita. Wanafunzi wangu huanza na "mimi ni, wewe ni". Lakini nakujua. Nikikupa "mimi ni" utanirudishia kwa Husni na mashua yake.

Basi, unachokitaka kina jina: wanakiita imparfait. Ni wakati wa mambo yaliyokuwa yakiendelea, au yaliyokuwa yakifanyika kila mara, au hali ya mtu na kitu ilivyokuwa. Sisi tunasema "alikuwa akisuka", "walikuwa wakienda kila Ijumaa", "nyumba ilikuwa ndogo". Yote hayo ni imparfait. Jambo lililotokea mara moja likaisha, kama kuanguka mnazini siku fulani, lina wakati wake mwingine, nao tutauacha.

Namna ya kukitengeneza ni hii. Chukua kitenzi ukiseme kwa "sisi" wa leo. Kusuka ni tresser, na "tunasuka" ni nous tressons. Kata hiyo -ons ya mwisho uitupe. Kilichobaki, tress-, ndicho unachokishikilia, kisha unaunga vimalizio: je tressais, tu tressais, il tressait, nous tressions, vous tressiez, ils tressaient. Nilikuwa nikisuka, ulikuwa ukisuka, alikuwa akisuka, tulikuwa, mlikuwa, walikuwa. Vimalizio ni hivyo hivyo kwa kila kitenzi. Kulala: nous dormons, basi il dormait. Kuwa na kitu: nous avons, basi il avait. Mkaidi ni mmoja tu, être, yaani kuwa. Huyo anashika ét-: j'étais, tu étais, il était.

Na neema kubwa: -ais, -ait na -aient zote hutamkwa sawa, "e" tu ya kufungua mdomo.

Nimekuwekea karatasi ya maneno. Zipo sifa nzuri na mbaya, viungo vya mwili, vyakula, wanyama. Andika sentensi, nitakusahihishia.

Mwanao,
Khairiya


Kipungani, 28 Februari 2024

Mwanangu Khairiya,

Salamu za wote, na za Zamzam pia, ingawa tumenuniana. Samaki wamekuwa wengi wiki hii. Husni amebadilisha injini ya mashua na sasa anajiona waziri wa usafiri. Mimi nimepata kazi ya mkeka mkubwa kwa bibi harusi wa Mkokoni, kwa hiyo mikono haina nafasi, lakini mdomo upo.

Nimepata njia ya kusoma. Nikisuka ukili wa mkeka, kila chane ya ukindu ninayoilaza naipa mtu wake. Hii ya je, hii ya tu, hii ya il, naenda mpaka ils kisha narudi. Mkono ukikosea naona kwa macho, mdomo ukikosea nasikia. Juzi Zamzam alinisikia nyuma ya makuti nikisema tressais, tressais, tressait. Akasahau kwamba tumenuniana, akachungulia, akauliza, "Barka, uradi gani huo, na una thawabu ngapi?" Nikamwambia ni uradi wa Marseille. Sasa anausema na yeye akichota maji.

Lakini niambie, wenzako hawa wana akili? Sauti moja, maandishi matatu! Karatasi ni nyingi kwao kuliko midomo. Mimi nitasema tu, kuandika watanisamehe.

Sentensi zangu za kwanza ni hizi: Ton père étais petit. Il habitait ici. Il avais une chèvre. Nous dormions sur le tapis. Baba yako alikuwa mdogo, alikuwa akikaa hapa, alikuwa na mbuzi, tulikuwa tukilala mkekani. Nilipoisema ile ya mwisho niliweka ukili chini. Nilimuona amelala, mguu mmoja nje ya mkeka kama kawaida yake, na sijui ni miaka mingapi sijamuona hivyo. Kitu hiki ulichonipa ni kitamu, Khairiya. Kinamrudisha mtu.

Niletee vitenzi vingine kabla ya Ramadhani.

Shangazi yako,
Barka


Mombasa, 20 Mei 2024

Shangazi yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Najua umenikasirikia. Ramadhani imepita, Idd imepita, na barua yako imekaa mezani ikinitazama. Nina udhuru mmoja ulio wazi: mwezi wa nne Mwenyezi Mungu ametupa binti, tumemwita Mardhiya. Mimi mzima, yeye mzima, Abdulwahid anajifanya hajachoka. Mama amekwisha kukuletea habari kwa simu, lakini nilitaka uipate kwa mkono wangu.

Udhuru wa pili ni kwamba Wazir alinipigia simu. Amesikia unajifunza. Tulizungumza kirefu. Alitaka nisikufundishe, na nikawa kati yenu sijui niende wapi. Mengine aliyosema si ya barua.

Nimeamua kukufundisha. Wewe ni mkubwa wake na mkubwa wangu, na mtoto ana haki ya bibi yake.

Masahihisho: ton père était, il avait. Kwa il ni t mwishoni. Umeandika kwa s kwa kuwa sauti ni moja, kama wanafunzi wangu wote. Na tapis kwao ni zulia. Mkeka ni natte, la natte. Ile ya kulala mkekani nimemsomea Mourine, naye amesema hiyo ndiyo imparfait yenyewe, hata mwalimu aliyetufundisha chuoni hakuwa na mfano kama huo.

Vitenzi vipya viko nyuma ya karatasi. Vouloir, kutaka: nous voulons, il voulait. Manger, pleurer, travailler, rire. Ukitaka kukanusha, weka ne mbele na pas nyuma, ukibane kitenzi kati: il ne dormait pas.

Mwanao,
Khairiya


Kipungani, 3 Juni 2024

Mwanangu Khairiya,

Hongera. Nimemuona huyo Mardhiya kwenye simu ya Husni. Kitu kibaya hicho umekizaa! Masikio kama vifuu, na pua sijui imekwenda wapi. Nimecheka, nimelia, nikamsomea sura za Falaq na Nas nikampulizia kwenye kioo cha simu mpaka Husni akalalamika nimemlowesha. Nakuletea kimkeka chake. Ni kibaya kama yeye.

Magoti yapo. Mkeka wa Mkokoni umekwenda na wameusifu sana, mpaka nikaogopa, nikawaonyesha mahali nilipokosea.

Sasa, mengine gani hayo yasiyo ya barua? Wazir ni mwanangu. Kama ana neno aniambie. Anaona haya kwa sababu alikuwa akisuka mikeka na mimi, na wenzake walikuwa wakimcheka kwamba ni kazi ya wanawake? Hilo nalijua. Kama ni lingine niandikie.

Nimekwisha kutengeneza hadithi yangu ya kumwambia Rayyan. Nimeisema mbele ya kuku na mbele ya Zamzam, na Zamzam ameipenda zaidi kuliko kuku. Isahihishe vizuri, maana ndiyo nitakayosema siku ya kwanza:

Ton père était laid. Il avait une grosse tête. Il mangeait trop. Il pleurait tout le temps. Il ne travaillait pas. Les voisins ne voulaient pas de lui.

Baba yako alikuwa na sura mbaya. Alikuwa na kichwa kikubwa. Alikuwa akila kupita kiasi. Alikuwa akilia wakati wote. Alikuwa hafanyi kazi. Majirani walikuwa hawamtaki.

Nikiisema moyo unanijaa. Nataka afike leo.

Shangazi yako,
Barka


Mombasa, 30 Juni 2024

Shangazi yangu mpenzi,

Mkono wako nimeubusu. Mardhiya amelala juu ya kimkeka chake, na kweli ni kibaya, hakuna zulia la kukifikia. Usiku analia, mchana anatabasamu, kwa hiyo babake anamuona malaika na mimi namuona kama alivyo.

Shangazi, sikupata hata kosa moja! Vimalizio vyote viko mahali pake, hata voulaient umeweka -aient yake kamili. Nimeweka alama kumi kwa kumi juu ya karatasi kwa wino mwekundu. Mwambie hivyo hivyo, polepole, na mwisho wa voulaient usitamke zile herufi za nyuma.

Juu ya Wazir, si mikeka tu. Niache hapo, tafadhali. Atakapofika utamuona mwenyewe.

Mwanao,
Khairiya


Kipungani, 9 Agosti 2024

Khairiya,

Assalaam aleikum. Sote wazima. Wageni wamefika salama. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu Wazir atasikia, na sijui la kufanya.

Walifika maji yamekupwa, mashua ikasimama mbali, wakaja kwa miguu kwenye matope na mizigo kichwani. Rayyan alikuwa akicheka njia nzima. Mtoto huyo, Khairiya. Mato anayotazamia ni ya marehemu babu yake, yale yale. Alinikumbatia kabla hajavua viatu vyenye matope, na mimi nikaharibu kanga yangu mpya na sikujali. Akala wali, akala samaki wa kupaka, akaomba tena.

Baada ya kula nikamwita. "Ndoo hapa, keti." Nikamwonyesha mkeka. Wazir alikuwa ametoka kumsalimia Husni. Nikaanza: Ton père était laid. Akafungua macho, akafurahi kwamba bibi anasema Kifaransa. Nikaendelea na kichwa kikubwa, akacheka kidogo. Nilipofika il ne travaillait pas alikuwa ameacha kucheka. Nilipomaliza na majirani, akaniuliza kitu sikukielewa. Nikamjibu kwa kurudia yote tangu mwanzo, polepole kama ulivyoniagiza, na tabasamu juu yake. Akainuka, akaenda chumbani akalia.

Wazir aliporudi akaingia kwake. Alipotoka hakuniangalia. Nikamuuliza, "Nimesema vibaya?" Akanijibu, "Hukusema vibaya, mama. Umesema sawasawa kabisa." Basi.

Tangu hapo mtoto ananisalimia kwa adabu kama mgeni aliye dukani. Anakula kidogo. Nikimkaribia anamshika babake mkono, kana kwamba nitampokonya. Muda wenyewe ni mfupi, mwisho wa mwezi wanaondoka. Nimengoja miaka kumi na mmoja kumpata, na nimempoteza kwa mchana mmoja. Niambie nilitamka nini vibaya.

Barka


Mombasa, 12 Agosti 2024

Shangazi yangu,

Hukutamka lolote vibaya. Kosa limetupita sote wawili, na mimi ndiye mwalimu.

Mourine alikuja jana kumuona mtoto. Nikamsomea sentensi zako, nikacheka, nikingoja acheke. Hakucheka. Akaniuliza, "Kwani huyu mama alikosewa nini na mwanawe hadi amchukie hivi?"

Nikamwambia hamchukii, hivi ndivyo tunavyowasema watoto wetu. Mtoto mzuri tunamwita mbaya ili kijicho kisimuone. Nikamwambia kwamba wewe ulizika wawili kabla ya Wazir, na alipozaliwa ukampa jina la Kibaya siku ile ile, kila mgeni aliyeingia ukamwambia usimtazame huyu hana maana. Mourine akasikiliza, akasema, "Sawa. Lakini mtoto wa Marseille atajuaje?" Shangazi, mimi nilitazama vimalizio tu. Sikuona kitu kwa sababu nami nimelelewa kwa maneno hayo hayo, na ningekuwa Rayyan ningejua kwamba bibi ananiambia babangu alikuwa kipenzi chake.

Sasa lile nililoficha. Wazir aliponipigia, alisema hivi: "Usimfundishe. Mama hajawahi kuniona nina la maana. Mimi nimezoea, lakini sitaki mwanangu asikie." Nilimwambia anajua vizuri kwamba ni desturi. Akasema, "Najua, Khairiya. Najua kwa kichwa. Lakini katika maisha yangu yote sijasikia hata mara moja lile lingine." Sikutaka kukuandikia kwa sababu niliona lingekuumiza. Nilikosea hapo pia.

Kwa hiyo itabidi uliseme lile lingine. Maneno ni haya: beau, mzuri wa sura. Bon, mwema. Fière, mwenye kujivunia. J'avais peur, nilikuwa nikiogopa. Mengine unayo. Kwa kitenzi hakuna jipya, vimalizio ni vile vile.

Najua ninachokuomba si Kifaransa. Soma kinga zako kwanza, kisha useme.

Khairiya


Kipungani, 31 Agosti 2024

Mwanangu Khairiya,

Assalaam aleikum warahmatullahi. Nakusalimu, namsalimu mumeo, namsalimu na huyo wa masikio ya vifuu, ambaye bado nitamwita hivyo na wewe uniache. Mimi mzima. Hata magoti yamenipa ruhusa ya kutembea. Mbuzi wa Zamzam amezaa mapacha, na tumepatana kwa sababu ya maziwa.

Barua yako niliisoma, nikaikunja, nikaingia jikoni nikafunga mlango. Nilikasirika na wewe kwanza. Kisha na Wazir. Mtu mzima wa miaka arobaini na ushei, ana ndevu, ana mke, anataka kuambiwa ni mzuri! Kisha hasira ikaisha, nikabaki mimi peke yangu na sufuria. Sikupata kumwambia. Kweli sikupata. Nilidhani kijana anayepewa kipande cha samaki cha katikati kila siku ya maisha yake anajua.

Siku nzima sikuweza. Neno nalijua, mdomo unakataa. Niliwaza wale wawili, Mungu awarehemu. Yule wa kwanza nilimsifu sana, nilikuwa msichana, sikujua. Nikajiambia, huenda kijicho hakijui Kifaransa. Usinicheke, ndiyo hoja iliyonisaidia.

Baada ya alasiri Wazir alikuwa mlangoni ananikunia nazi, na Rayyan kando yake. Nikasoma Falaq, nikasoma Nas, nikajipulizia viganja, nikaketi mbele yao. Nikasema:

Ton père était beau. Il était bon. Quand ton grand-père était malade, ton père tressait avec moi tous les matins. Les garçons riaient. Lui, il restait. J'étais fière. J'avais peur de le dire.

Baba yako alikuwa mzuri. Alikuwa mwema. Babu yako alipokuwa mgonjwa, baba yako alikuwa akisuka na mimi kila asubuhi. Wenzake walikuwa wakicheka. Yeye alikuwa akibaki. Nilikuwa nikijivunia. Nilikuwa nikiogopa kulisema.

Rayyan akauliza, "Peur de quoi, Mamie?" Hilo nilielewa, kwamba nilikuwa nikiogopa nini, lakini maneno ya kujibu sikuwa nayo. Nikainua vidole viwili. Nikaonyesha kimo cha mtoto anayeanza kutembea, kisha kimo cha mtoto wa kubebwa. Kisha nikaonyesha upande wa makaburi. Akatazama vidole vyangu, akatazama kule, akanishika vile vidole viwili akavifumba ndani ya mkono wake. Ni mtoto mwerevu, na nimekwisha kusema, limetoka, siwezi kulirudisha.

Wazir alikuwa ameacha kukuna. Tui lilikuwa halijakamuliwa na wali ulikuwa unangoja, na hakuna aliyejali. Akasema, "Mama, sema tena." Nikasema tena, yote, tangu beau. Akauliza, "Na kwa maneno yetu?" Nikafungua kinywa, hakikutoka kitu. Nikamwambia, "Ndaa inauma, kuna nazi." Akacheka, akakuna.

Siku zilizobaki zilikuwa nzuri. Rayyan alikuwa akinifuata kila mahali, hata kisimani. Alijifunza kulaza chane, ukili wake umepinda na nimemwambia umepinda, kisha nikakumbuka, nikaongeza kwamba ni mzuri. Jioni babake alikuwa akimhadithia mwenyewe, kwa Kifaransa kirefu, na mimi nilikuwa nikivikamata vile vi-e vyake vya mwisho kimoja kimoja, nikajua yuko zamani, yuko hapa Kipungani, hajafunga mlango. Mara nyingine alisahau jambo akaniuliza, nami nikamkumbusha.

Leo asubuhi wameondoka. Husni alikuwa akipiga kelele maji yasije yakawatoroka. Rayyan alikwisha kupanda. Wazir akarudi pwani kunibusu mkono, na nilipoziona mvi kwenye kichwa chake kile kikubwa mdomo ukafunguka wenyewe. Nikamwambia kwa maneno yetu, "Wazir, ulikuwa mwana mzuri. Na sasa u mzuri. Haikupita hata siku moja nisikuone hivyo." Alipiga magoti kwenye matope na suruali yake ya safari, akaweka uso kwenye kanga yangu, akalia kwa sauti kama mtoto, na mimi sikumnyamazisha.

Watu wakatoka majumbani. Zamzam akaja mbio, ushungi mkononi, anauliza, "Barka, kuna msiba gani?"

Nikamjibu kwa sauti ya kusikika na kila mtu pwani, na kila kitu kisicho mtu pia: "Hakuna msiba. Namsifu mwanangu."

Shangazi yako,
Barka